Vumba na Jirani Zake

Msafiri atokaye Msambweni kwenda kusini, akapita Ramisi na Lunga Lunga, kisha akageuka kuelekea baharini, hufika katika nchi tambarare ya mpunga na minazi inyweshwayo na mto Umba. Hapo pana kijiji cha Jego, na mbele yake mji wa Vanga uliokumbatiwa na mikoko. Mwendo mfupi kutoka hapo ni mpaka wa Tanzania. Katika ujirani huo huo pana mahame ya Vumba Kuu. Aliyezoea kusoma habari za Kilwa na Gedi asitazamie kukuta kasri na majumba marefu ya mawe. Nyumba nyingi za Vumba zilikuwa za miti na udongo, nazo zimerudi udongoni zilikotoka. Lakini mji huo, ambao leo ni vichaka na vigae vya vyungu, ulikuwa makao makuu ya madiwani ambao nguvu yao ilitokana na jambo moja: walijua namna ya kuishi na watu wasiofanana nao.

Tuwataje kwanza watu hao. Walikuwapo Wavumba wenyewe, Waswahili wa mjini, mabaharia, wavuvi na wafanya biashara. Kaskazini yao, katika Funzi, Bodo na Munje, palikuwa na miji midogo ya Washirazi. Jina hilo lisimpoteze msomaji. Halina maana kwamba kila ajiitaye Mshirazi babu yake alishuka kutoka Uajemi. Wanahistoria wengi siku hizi huliona kuwa jina la heshima la wenyeji wa kale wa pwani kuliko kuwa cheti cha uzao. Barani, tangu mabonde ya Umba mpaka vilima vya Shimba, walikaa Wadigo, wakulima wenye kaya zao katika misitu. Wa mwisho kuingia katika nchi hii walikuwa Wasegeju, wafugaji na watu wa vita, ambao walikuwa wamekwisha kupata sifa kubwa kaskazini. Mwaka 1589 Wazimba, jeshi lililopanda kutoka kusini, waliuangamiza Mombasa na kuelekea Malindi. Malindi ilisalimika kwa sababu Wasegeju walitoka barani na mishale yao wakawapiga Wazimba mbele ya mji. Baada ya hapo walishuka kusini polepole, na katika karne ya 17 Wavumba waliungana nao wakaishinda miji ya Washirazi. Urafiki wa Vumba na Wasegeju ulianza, basi, katika vita, wala hapana haja ya kuuficha mwanzo huo.

Mkuu wa Vumba aliitwa Diwani. Alama za enzi yake zilikuwa siwa, yaani pembe kubwa ya kupulizwa, pamoja na ngoma na mwavuli. Na hata kuvaa viatu mjini ilikuwa heshima isiyotolewa kwa kila mtu. Mwanzoni mwa karne ya 18 cheo hicho kilishikwa na ukoo wa masharifu wa Ba Alawi, ambao asili yao ni Hadhramaut. Hapa pana jambo linalostahili kutazamwa kwa makini. Mgeni aliyekuwa na nasaba tukufu kuliko zote katika macho ya Waislamu wa pwani angaliweza kutawala kwa jina lake la Kiarabu na kuyaacha mambo ya wenyeji. Sayyid Abubakar hakufanya hivyo. Alipoketi katika kiti alijulikana kwa jina la enzi, Diwani Ruga, akapulizwa siwa ile ile na kupigiwa ngoma zile zile walizopigiwa madiwani waliomtangulia. Masharifu waliupokea mji, na mji ukawapokea masharifu. Nani aliyembadili mwenziwe zaidi ni vigumu kusema, kwa maana wajukuu wa masharifu hao walikuwa Wavumba kwa lugha, kwa mavazi na kwa jamaa za upande wa mama.

Lakini siwa peke yake haikumfanya mtu kuwa Diwani. A. C. Hollis, mtumishi wa serikali ya Kiingereza aliyewasikiliza wazee na kuchapisha habari za Wavumba mwaka 1900, ametuachia picha ya utawala uliofungamana na karamu na zawadi. Aliyetaka kusimikwa hakuwa na budi kuwalisha watu wa mji na kuwapa haki zao jirani wa nje ya mji, Wadigo na Wasegeju. Nguo ilikuwa zawadi kubwa. Katika nchi ambayo pamba nzuri ilitoka ng'ambo ya bahari, shuka mabegani mwa mzee wa Kidigo ilikuwa ushahidi ulioonekana na wote kwamba mzee huyo ana neno katika enzi ya Vumba. Nao jirani walikuwa na wajibu wao: kuleta mazao ya bara, kuacha njia wazi kwa misafara, na kushika silaha mji ulipotishwa.

Twaweza kuliita jambo hili ada. Neno hili tunalitumia leo kwa fedha za shule, na vijana wengi hawalijui kwa maana nyingine. Katika miji ya kale ada ilikuwa desturi yenye malipo ndani yake: mtu alitoa, akapata mahali pake miongoni mwa watu. Hakuulizwa aache mila zake. Mdigo hakuhitaji kuwa Mvumba ili apewe nguo yake. Msegeju hakutakiwa kuuza ng'ombe wake na kujenga mjini. Walitakiwa wajulikane, wahesabiwe, na waje siku ya siwa. Watu hupenda kusema kwamba pwani ni nchi ya ukarimu, na methali husema mgeni njoo mwenyeji apone. Sikatai. Lakini ukarimu wa moyo peke yake huchoka haraka, hasa wakati wa njaa, na Vumba haukuutegemea huo. Ulitegemea hesabu ya haki na wajibu ambayo kila upande uliijua kwa moyo.

Nisije nikaeleweka kuwa nausifu mji ule kupita kiasi. Diwani hakuwa sawa na mtu wa kawaida, na mtu wa kawaida hakuwa sawa na mtumwa. Watumwa walilima mashamba ya pwani hii, na hakuna karamu ya kusimika iliyowauliza rai yao. Katika njaa za karne ya 19 baadhi ya jamaa za bara waliwaweka watoto wao rehani mjini ili wapate nafaka, kwa ahadi kwamba watawakomboa mvua zikirudi. Na wengine katika watoto hao hawakurudi, waliuzwa. Ada ile ile iliyowaunganisha wazee iliwaacha wanyonge nje. Ajifunzaye habari za Vumba hana budi kuyashika mambo haya mawili pamoja.

Mji mkubwa wa pwani hii ulikuwa na mpango wa namna moja na huo, ila mpana zaidi. Watu wa Mombasa waligawanyika katika mataifa kumi na mawili: Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa, ambao miongoni mwao walikuwamo Wamvita, Wajomvu, na watu waliohamia kutoka Pate, Faza na miji mingine ya kaskazini. Majina yenyewe yatuambia kwamba mji ulijengwa na wahamiaji, na kwamba hawakuona aibu kulitaja walikotoka. Kila upande ulikuwa na rafiki zake barani: Wadigo na Waduruma walishikamana na Thelatha Taifa, na wengine katika Mijikenda walishikamana na Tisa Taifa. Mtu wa bara aliyeingia Mombasa na ufuta wake au sandarusi yake hakuingia kama mpotevu; alijua mlango wa kubisha. Wareno walipofukuzwa Ngome ya Yesu mwaka 1729, ujumbe ulikwenda Oman kuomba msaada, na kumbukumbu za Mombasa zasimulia kwamba katika ujumbe huo walikuwamo wajumbe wa watu wa bara. Wakulima wa kaya walivuka bahari kusema juu ya mji ambao hawakulala ndani yake, kwa sababu waliuona kuwa mji wao pia.

Alama za maisha hayo ya pamoja hazimo katika magofu, zimo vinywani. H. E. Lambert alichapisha mwaka 1957 kitabu kidogo juu ya Kivumba, na mwaka 1958 kingine juu ya Kichifundi, lugha ya Washirazi wa Funzi na jirani zake. Anayevisoma, au bora zaidi, anayekaa jioni moja na wazee wa Vanga, husikia Kiswahili kilichoishi karibu sana na Kidigo. Nacho Kidigo kimejaa maneno ya Kiswahili. Kwa Wasegeju mambo yalikwenda mbali zaidi. Ndugu zao Wadaisu, wakaao Bwiti chini ya milima ya Usambara, wanayo lugha iliyo jirani ya Kikamba. Lakini Wasegeju wa pwani waliiacha lugha ya namna hiyo wakashika Kidigo na Kiswahili. Jina lao limebaki, na koo zao zimebaki, lakini maneno waliyowaitia ng'ombe wao yamekwenda. Kubadilishana utamaduni husifiwa sana katika hotuba. Wasegeju watatukumbusha kwamba katika kubadilishana kuna anayetoa zaidi ya anachopata, na kwamba huenda asijue mpaka vizazi vitatu vimepita.

Mambo yakageuka mwaka 1886. Mwaka huo Waingereza na Wajerumani waligawana nchi kwa mstari ulioanzia karibu na mlango wa mto Umba, ukaelekea Ziwa Jipe na kuizunguka Kilimanjaro. Waliouchora hawakuuliza ni Wasegeju gani watakaobaki upande gani, wala ni mashamba ya nani yatakayokatwa. Januari 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wahindi kutoka Kashmir na Jind waliuawa Jasini, ng'ambo kidogo tu ya Vanga, katika kuugombea mstari huo.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, daftari lilileta mageuzi makubwa kuliko mpaka. Serikali ya kikoloni ilitaka kila mtu awe na kabila moja lililoandikwa, na kodi na haki zake zilifuata maandishi hayo. Mvumba ni nani katika daftari? Ni Mwarabu kwa sababu ya masharifu, au ni mwenyeji kwa sababu ya mama zake? Huko Mombasa watu wa mataifa kumi na mawili waligombana na serikali kwa miaka mingi kuanzia 1910 juu ya swali hili hili, kwa kuwa aliyeandikwa mwenyeji alilipa kodi nyingine na kunyimwa kura. Watu ambao mababu zao walipata heshima kwa kuwa na jirani wengi sasa walitafuta heshima kwa kuwakana jirani hao. Ilikuwapo pia sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908. Wenye kujua kusoma na kwenda mahakamani waliandikisha ardhi. Wakulima wengi wa Kidigo, ambao ardhi yao ilijulikana kwa makaburi na miembe, hawakuandikisha kitu. Hivyo walianza kuitwa wakaaji wasio na haki katika mashamba waliyozaliwa.

Jeraha hilo halikupona kwa Uhuru. Baada ya 1963 pwani ya Diani ilijaa mahoteli, na Ukunda, uliokuwa kijiji, ukawa mji. Walikuja watu wa kila pembe ya Kenya kufanya kazi, kufungua maduka na kununua viwanja. Hawakuja kwa nia mbaya. Walikuja kama walivyokuja Wasegeju na masharifu, kutafuta riziki. Tofauti ni kwamba hapakuwa na siwa ya kuwaitia wote, wala nguo ya kumpa mzee wa mahali. Palikuwa na hati, mshahara na ua. Wenyeji wengi waliona kwamba ardhi imekwenda na kazi haikuja, na wanasiasa walijua namna ya kulitumia jambo hilo. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 vijana wenye silaha walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, na fujo zikaenea kusini mpaka Diani na kwingineko. Watu wa bara, ambao wengi wao walikuwa wamekaa na jirani zao kwa amani kwa miaka mingi, waliuawa au kuchomewa nyumba. Waliokufa walipata mia moja na zaidi, na waliokimbia walikadiriwa kuwa laki moja. Tume iliyoongozwa na jaji Akiwumi ilichunguza mambo hayo pamoja na fujo nyingine za nchi, na ikatoa taarifa yake mwaka 1999.

Methali nyingine yetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida tunaifasiri kwa kucheka, kana kwamba ni ya kumtoa mvivu nyumbani. Mimi naiona kuwa ndiyo katiba ya miji ya zamani. Jembe ni kazi, na kazi ni njia ya mgeni kuingia katika hesabu ya watu. Lakini methali ilitungwa na watu walioamini kwamba palipo na jembe pana na kipande cha ardhi, na kwamba aliyelima atahesabiwa. Hapa Kwale tunao watu waliopewa jembe siku ya kwanza, wakakaa miaka themanini bila kuhesabiwa.

Hao ni Wamakonde. Tangu miaka ya 1930 na 1940 walitoka Msumbiji na kusini ya Tanganyika kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa katika pwani ya Kenya, na wengi wao walikaa katika sehemu za Msambweni. Walikata mkonge, walikata miwa ya Ramisi, walichonga mpingo. Walicheza ngoma zao, na jirani zao Wadigo walikwenda kuzitazama. Wamakonde nao wakajifunza Kidigo. Walioana. Katika maisha ya kila siku jirani walikuwa wamekwisha kuwapokea, kwa njia ile ile ya taratibu iliyotumika Vumba. Lakini serikali huru ilirithi daftari la wakoloni, na katika daftari hilo Mmakonde hakuwamo. Asiye na kitambulisho hakuweza kuajiriwa kwa halali, wala kununua ardhi kwa jina lake, wala kufungua hesabu benki, wala kupiga kura. Kijana aliyezaliwa Msambweni, mwana wa mtu aliyezaliwa Msambweni, alikamatwa njiani kama mgeni.

Sheria ya uraia ya mwaka 2011 ilifungua mlango kwa watu wasio na taifa waliokuwa wamekaa Kenya tangu Uhuru, lakini miaka ilipita bila mtu kuingizwa. Ndipo Oktoba 2016 mamia ya Wamakonde, wanaume na wanawake, wakafuatana na watetezi wao, wakaondoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais. Ni safari ya kilomita karibu mia tano. Walizuiwa njiani, wakaendelea, na mwisho wakapokewa Ikulu. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza waandikishwe kabla mwaka haujaisha, na tarehe 1 Februari 2017 alifika Kwale kuwapa vitambulisho. Tangu hapo wanatajwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba hili ni jambo la karatasi tu, kwamba udugu wa kweli ni wa moyoni. Maneno haya ni mepesi kwa yule ambaye karatasi yake imo mfukoni. Jirani wa Mmakonde walimpenda kwa miaka themanini, na upendo wao haukuweza kumwandikia mtoto wake mtihani. Kwa upande mwingine, wafanyakazi wa Ukunda waliofukuzwa mwaka 1997 walikuwa na vitambulisho vyote, na vitambulisho havikuwakinga. Wamakonde walikuwa na ujirani bila daftari. Wale walikuwa na daftari, na ujirani ukawaponyoka siku ya shari. Vumba haukuwa na daftari, lakini siku ya kusimikwa Diwani ilifanya kazi zote mbili kwa pamoja: nguo iliyotolewa mbele ya watu ilikuwa cheti na ilikuwa udugu. Miji yetu imezitenga kazi hizi, moja ikapewa ofisi na nyingine ikaachiwa bahati.

Wapemba wavuvi walingoja zaidi. Wengine kati yao walikuwa wamekaa Kwale na Kilifi kwa vizazi kadhaa, wakijulikana kwa ustadi wa mtego na mshipi katika Shimoni, Wasini na Vanga, wakisema Kiswahili kisichohitaji mkalimani, wakisali katika misikiti ile ile na kuozana na wenyeji. Hawa walivuka bahari ambayo siku za Diwani haikuwa na mstari. Walikubaliwa kuwa raia wa Kenya mwaka 2023, na Julai mwaka huo Rais William Ruto aliwapa vitambulisho vya kwanza huko Kilifi. Vanga, kwa miaka yote ya kungoja, samaki wao walikuwa wakinunuliwa sokoni kila asubuhi, wala hakuna mnunuzi aliyeuliza kama mvuvi ameandikwa.